Kupunguza matumizi ya petroli, dizeli na mafuta ya taa Kisumu, Nakuru na magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa sola hapa Kisumu. Nikipanda juu ya bati kufunga paneli, nikishuka nakuta watu wamesimama chini ya ngazi: mwenye nyumba, jirani, mzee aliyekuwa anapita njia. Maswali ya jinsi ya kuachana na mafuta huwa ni yale yale, iwe Kondele, iwe Ahero, iwe Njoro kwa shemeji yangu. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayotoa. Katika hesabu nimetumia shilingi 180 kwa lita ya petroli kama mfano. Wewe weka bei ya siku unayosoma. Pale jambo limeelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Si stima ya Kenya ni ya mvuke na maji? Mafuta yanaingilia wapi?

Ni kweli. Karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa nchini kwa ajili ya gridi (mtandao wa taifa wa nyaya) hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke peke yake, mwingi ukiwa wa Olkaria kule Naivasha, hutoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Kwa hivyo mtu akisimama barazani na kusema tujenge sola kubwa ndio tuachane na mafuta, namwomba tuangalie kwanza mafuta yenyewe yanachomwa wapi.

Yanachomwa barabarani, kwa boda, tuktuk, matatu na malori ya kwenda Busia na Malaba. Yanachomwa kwenye pampu za mboga kando ya mito, kwenye vinu vya posho, kwenye jenereta nyuma ya hoteli na kwenye karabai za wavuvi. Ndiyo sababu mteja akija kwangu namuuliza: lita yako inafanya kazi gani? Taa ina dawa yake, pampu ina yake, na lori kusema kweli bado halijapata yake.

2. Kwa nini petroli ya Kisumu ni ghali kuliko ya Mombasa?

Kwa sababu kila tone hushukia Mombasa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013, na tangu hapo tunanunua mafuta yaliyosafishwa tayari, kwa dola. Yanasukumwa kwa bomba hadi Nairobi, yanapita Nakuru, kisha tawi moja linaenda Eldoret na lingine linateremka Kisumu. Gharama ya safari hiyo unailipa wewe.

Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, ikitangaza bei mpya, mkulima wa Nyando hana neno la kuongeza. Dola ikipanda au vita vikizuka Ghuba, gharama ya nyanya zake imeshapanda kabla hazijatoa maua. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200, na wiki hiyo nilipigiwa simu nyingi za kuulizia pampu za sola.

3. Turkana kuna mafuta. Kwa nini tusingoje yachimbwe?

Yaligunduliwa mwaka wa 2012, na 2019 shehena ya kwanza ya majaribio ikapakiwa melini Mombasa. Lakini ni mafuta ghafi, yanaganda kama nta yakipoa, na hatuna pa kuyasafisha (swali la 2). Hata yakitoka kwa wingi yatauzwa kwa bei ya dunia, na petroli ya Kondele itaendelea kununuliwa kwa bei hiyo hiyo. Serikali itapata mapato, na kaunti pia. Lakini wewe unayejaza tanki usitarajie punguzo.

4. Gesi ya mtungi ni nishati mbadala?

Hapana. Inatoka kwenye visima vile vile vya mafuta na gesi, na inashuka Mombasa kwa meli kama petroli. Kwa mapafu ya mama na mtoto ni afadhali mara nyingi kuliko kuni na makaa, na nyumba iliyotoka kwa moshi ikaingia kwa mtungi imepiga hatua kubwa. Ila usiihesabu kama njia ya kuacha mafuta.

## Nyumbani

5. Pesa yangu ni kidogo. Nianze na nini?

Taa na kuchaji simu. Koroboi ndiyo matumizi mabaya kuliko yote ya mafuta: inatoa mwanga kidogo na moshi mwingi, na mtoto akiigonga nyumba inawaka. Mafuta ya taa nayo si ya bei ya maskini tena. Mwaka wa 2018 yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili walaghai wasiyachanganye na dizeli, na aliyeumia ni yule aliyekuwa akinunua kwa chupa ya soda. Taa mbili za sola na tundu la kuchajia simu hurudisha pesa yake haraka kuliko kifaa kingine chochote ninachofunga.

Ukinunua kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu, jumlisha siku zote za kulipa kabla ya kukubali. Shilingi hamsini kwa siku ni zaidi ya elfu kumi na nane kwa mwaka.

6. Sola yangu ilikufa baada ya mwaka mmoja. Sola si ni uongo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi, nami nina uchungu nalo.

Karibu kila mara kilichokufa ni betri. Paneli nzuri hukaa miaka ishirini na zaidi. Betri ya asidi ikitumiwa hadi iishe kabisa kila usiku haimalizi hata miaka miwili. Familia inafunga mfumo wa taa nne, Krismasi kijana anarudi na televisheni, mwezi wa pili inaongezwa redio kubwa ya spika, na hakuna aliyeongeza paneli. Mahali pengine mwembe umekua ukaweka kivuli. Kivuli cha tawi moja tu kwenye kona ya paneli kinaweza kula sehemu kubwa ya umeme wa siku nzima.

Halafu kuna vitu bandia. Miaka michache iliyopita nilinunua betri katika duka moja mjini kwa ajili ya mama mmoja wa Nyakach. Ubavuni imeandikwa 100Ah, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Niliibeba kwa mkono mmoja, nikaiweka mapajani, nikapanda nayo pikipiki. Betri ya kweli ya asidi ya ukubwa huo ina kilo ishirini na tano hivi au zaidi, haibebwi hivyo. Nilijua hilo, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka. Baada ya miezi mitatu taa za mama zikawa zinazimika saa mbili usiku, watoto wakiwa katikati ya hesabu zao. Nilimlipia nyingine kutoka mfukoni mwangu, na mwenye duka hakupokea simu yangu tena.

Tangu siku hiyo natembea na mizani ndogo. Wewe pia pima uzito, dai waranti iliyoandikwa kwenye karatasi, na umwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA. Ukiweza kungoja, weka akiba ununue betri ya lithiamu. Bei ya kuanzia ni kubwa lakini hudumu mara kadhaa ya asidi.

7. Biogesi (gesi ya samadi) inahitaji ng'ombe wangapi?

Wawili wa kufugwa zizini wanatosha kupikia familia ya kawaida. Neno muhimu hapo ni zizini. Ng'ombe wanaozurura mchana kutwa wanaacha samadi malishoni, na hakuna atakayeenda kuiokota kila asubuhi. Ndiyo maana mitambo ya biogesi inastawi Njoro, Vihiga na sehemu za Kakamega kwenye mifugo ya kulishwa majani ya nepia, na kwingine imebaki mashimo yenye nyasi.

Kila siku unachanganya ndoo ya samadi na ndoo ya maji. Kabla ya kuchimba, jiulize nani atafanya kazi hiyo mtoto akirudi shuleni, na maji yatatoka wapi Januari. Uji wa samadi unaotoka upande wa pili wa mtambo usiumwage, ni mbolea. Nepia na sukuma wiki zikiupata utaona tofauti.

8. Magugu maji yamejaa ziwani. Si tuyageuze gesi?

Imefanywa hapa Dunga, na gesi inatoka. Ugumu ni kwamba gugu ni maji matupu, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Unavuta kilo mia kupata kidogo cha kuozesha, na lazima ulikatekate. Pia upepo haukungoji: wiki hii ghuba ya Kisumu imefunikwa hadi mitumbwi imekwama, wiki ijayo gugu limehamia upande wa Homa Bay. Lichanganye na samadi au taka za soko, usilitegemee peke yake.

9. Kupika kwa stima si kutanimalizia tokeni?

Inategemea unapika kwa nini. Koili ya zamani inakula sana. Sufuria ya presha ya stima hupika maharagwe kwa chini ya uniti moja, kwa sababu ikishachemka hujizima na kujiwasha yenyewe ikihifadhi joto. Chapati ziendelee kwa gesi. Nyumba nyingi nilizoona zimefanikiwa zina vyote viwili, na mtungi uliokuwa ukiisha kwa mwezi unafika miezi miwili.

## Ziwani na shambani

10. Taa za sola zinafaa kuvulia omena?

Omena (dagaa wa ziwani) huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Taa huelea juu ya maji, wadudu na omena hukusanyika, kisha wavu unazungushwa. Kwa miaka mingi taa hiyo imekuwa karabai, na karabai moja hunywa lita moja hadi moja na nusu ya mafuta ya taa kwa usiku. Mtumbwi una karabai tatu au nne. Wimbi likipiga, kioo kinapasuka na kazi imeisha.

Taa za betri zimekuwa zikikodishwa Mbita na fuo nyingine tangu mwaka wa 2008 hivi, na zinavuta samaki. Nilisimama Dunga alfajiri moja mitumbwi ikirudi, mingine na karabai, mingine na taa nyeupe za betri, na beseni zilijaa pande zote mbili. Kinachozuia ni hesabu ya nani ananufaika. Mara nyingi mafuta hukatwa kwenye mauzo kabla ya mgao, kwa hivyo akiba inawagusa wote, lakini anayetoa amana ya taa na kulipa ikizama ni mtu mmoja. Vikundi vilivyokubaliana mapema juu ya taa iliyopotea ndivyo vilivyodumu.

11. Pampu ya sola inaweza kushindana na ile ya petroli?

Chukua karatasi. Pampu ndogo ya petroli hula kama lita moja kwa saa. Ukimwagilia saa nne kwa siku, siku tatu kwa wiki, ni lita 12. Msimu wa nyanya wa wiki kumi na sita ni lita 192. Kwa shilingi 180 umechoma 34,560, hujahesabu oili wala fundi. Misimu miwili kwa mwaka, piga mara mbili.

Pampu ya sola hutoa maji kidogo kwa saa kuliko ya petroli, na wengi huvunjika moyo hapo. Usishindane nayo kwa kasi. Iache ifanye kazi tangu jua linapochomoza hadi linapozama, ijaze tanki lililoinuliwa, nawe umwagilie jioni. Hapo tanki ndilo betri yako, na huhitaji betri nyingine. Kwa nusu ekari hadi ekari moja ya mboga kando ya Nyando naipendekeza bila kusita.

Mashamba makubwa ya mpunga ni hadithi nyingine. Skimu ya Ahero husukuma maji ya mto kwa pampu za stima, na mzigo wa wakulima wa huko ni bili ya stima.

12. Na kinu cha posho?

Kama laini ya fezi tatu (stima yenye nguvu ya kuendesha mota kubwa) imepita karibu, badilisha injini ya dizeli uweke mota. Kama haijapita, sola ya kuendesha kinu kikubwa bado inahitaji mtaji ambao mwenye kinu mmoja kijijini hana. Vinu vidogo vya sola vipo, ila foleni ya Jumamosi itakushinda.

## Barabarani

13. Boda ya stima inalipa?

Kwa mwendeshaji wa mjini, ndiyo, akiwa karibu na kituo cha kubadilisha betri. Pikipiki ya petroli hutumia kama lita mbili na nusu kwa kilomita mia. Ukienda kilomita 120 kwa siku ni lita tatu, shilingi 540. Ya stima kwa mwendo huo itahitaji uniti tano hivi. Ukichajia nyumbani haifiki shilingi 200. Kwenye kituo cha kubadilisha utalipa zaidi, kwa sababu kampuni inakuuzia umeme pamoja na matumizi ya betri yake. Bado pengo linabaki, pamoja na oili na plagi ambazo hununui tena.

Uliza mambo mawili kabla ya kusaini. La kwanza, betri ni yako au ni ya kampuni, na kampuni ikifunga utapata betri wapi? La pili, vituo viko wapi njia yako yote? Kijana wa Kondele anayezunguka mjini yuko sawa. Anayebeba abiria hadi milima ya Maseno na kurudi na gunia la mahindi, asubiri vituo vifike kwake. EPRA iliweka mwaka wa 2023 bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo, usiku ikiwa nusu ya mchana, na chama cha boda chenye kiwanja chake kinaweza kuitumia kuanzisha kituo.

14. Matatu na malori je?

Mabasi ya umeme yameanza Nairobi. Kwa Kisumu hadi Nakuru, na ile milima ya Kericho na Londiani, sioni matatu za kawaida zikihama karibuni. Kwa mizigo mizito, reli inaweza kusaidia: ile ya zamani ya Nairobi hadi Kisumu ilifufuliwa, na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021. Treni inatumia dizeli, lakini tani moja kwenye reli hula mafuta kidogo kuliko kwenye lori.

15. Tuna miwa. Kwa nini tusichanganye petroli na ethanoli?

Tulishafanya. Miaka ya 1980 ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni ilichanganywa na petroli na kuuzwa Nairobi. Mpango ulikufa kwa sababu bei haikumlipa mtengenezaji, na wenye vileo walikuwa tayari kulipa zaidi. Kwenye kiwanda cha sukari cha Mumias nako walichoma makapi ya miwa na kuuzia gridi umeme wa megawati 26, hadi kampuni ikaanguka na kuwekwa chini ya mrasimu (msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai) mwaka wa 2019.

Inaniuma, kwa sababu hii ndiyo nishati ya kwetu hasa. Lakini ethanoli haitokei bila mkulima kulipwa miwa yake kwa wakati. Mwenye shamba aliyedai malipo miaka mitatu aling'oa miwa akapanda mahindi, na hakuna sheria ya kuchanganya petroli itakayomrudisha kabla ya deni lake kulipwa.

16. Tukihamia umeme, nani atalipia barabara?

Swali zuri, na wanasiasa hulikwepa. Kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 25 za kutengeneza barabara tangu 2024. Gari la umeme halilipi hizo. Kwa sasa vyombo vya umeme ni vichache mno kuacha pengo, lakini itabidi tozo ihamie kwenye kilomita au uzito. Naomba boda iwe ya mwisho kutozwa.

## Mabishano ya baraza

17. Stima inapotea kila mvua ikinyesha. Mnatuambia tuitegemee?

Malalamiko haya ni ya haki. Magharibi tuko mwisho wa laini: umeme wa Olkaria husafiri mbali kabla haujafika Kisumu, Busia au Siaya, na jioni nguvu inashuka hadi friji inanguruma tu. Kwa muda mrefu mtambo wa Muhoroni umechoma mafuta kuinua nguvu ya upande huu. Yaani nchi yenye mvuke mwingi inachoma mafuta kwa kukosa waya wa kutosha. Laini ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu ilijengwa kuondoa hilo. Mimi nikipewa kura kati ya mtambo mpya wa kuzalisha na waya, nguzo na transfoma za kutosha upande huu, nachagua waya.

Kwa nyumba yako, mfumo mdogo wa sola (swali la 5) ubaki hata kama stima imefika.

18. Watu wanaoishi karibu na Olkaria na Menengai wanafaidi nini?

Kidogo kuliko inavyostahili. Mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Wakati huo huo kuna mengi ya kujifunza: Menengai, juu ya mji wa Nakuru, mvuke umejaribiwa kwa kupasha joto maziwa, vitalu vya mboga na mabwawa ya samaki bila kugeuzwa umeme kwanza. Joto hilo lingekaushia mahindi ya wakulima wa Bahati na Solai, ambao kila msimu wa mvua hupoteza magunia kwa kuvu. Nakuru wangelidai hilo kwa sauti kubwa.

19. Kiwanda cha nyuklia Siaya kitatutoa kwenye mafuta?

Mpango wa kwanza ulikuwa Uyombo, Kilifi, wakazi wakaukataa, na sasa serikali inatazama Siaya, kando ya ziwa. Hofu ya usalama ina wasemaji wengi, kwa hivyo mimi nitaongeza hoja ya ukubwa. Mwanzoni mwa 2025 nchi nzima ilitumia kama megawati 2,300 na kidogo saa za kilele. Mtambo mmoja wa megawati 1,000 ukizimika ghafla unaweza kuangusha gridi yote. Tena umeme wake, kama wa mvuke, haumwondoi mtu kwenye petroli hadi awe na chombo cha kuutumia (swali la 13).

20. Naweza kuuzia kampuni ya stima umeme wa paneli zangu?

Kanuni za 2024 zinaruhusu, lakini hulipwi pesa: kila uniti unayorudisha inahesabiwa kama nusu uniti kwenye bili yako. Inafaa shule, hospitali na viwanda vya chai vyenye paa kubwa. Nyumba ya kawaida itumie umeme wake mchana, kwa kufua, kupiga pasi na kupika (swali la 9).

21. Vijana wanaouza petroli kwa chupa njiani watakula nini?

Wale wale wanajua kila boda inakopita na saa inapoishiwa. Ndio ningewapa kibanda cha kubadilisha betri kwanza.

22. Betri zilizokufa nizitupe wapi?

Usizitupe shimoni wala usizivunje. Ya asidi ina risasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu Kibuye huilipia kwa kilo. Mpe ikiwa nzima, asidi yake ikiwa ndani. Nimewahi kukuta watoto wakimwaga asidi kwenye mfereji ili betri iwe nyepesi kuibeba, mmoja wao miguu mitupu. Ya lithiamu ni vigumu kupata mnunuzi, na ikitobolewa hushika moto, kwa hivyo irudishe kwa aliyekuuzia. Mimi hupokea zote nilizofunga, na sasa nina kumi na moja kwenye stoo.